Mwendo wa Kutoka Mwanza Hata Bukoba

Siku moja nalikuwa nikifundisha jiografia katika darasa la sita. Shule yetu imejengwa juu ya kilima cha mawe, kama zilivyo nyumba nyingi za Mwanza, na mtu akisimama dirishani huyaona maji ya ziwa yakimetameta kati ya majabali. Nilikuwa nimetundika ukutani ramani kubwa, ambayo kipimo chake ni sentimeta moja kwa kilometa kumi. Nikampa mtoto mmoja uzi, nikamwambia, "Weka ncha ya uzi juu ya Mwanza, uunyoshe mpaka Bukoba, kisha uupime kwa rula." Akafanya hivyo kwa uangalifu, wenzake wakimtazama, akasema, "Mwalimu, ni sentimeta kumi na saba na nusu." Mara darasa zima likapaza sauti, "Kilometa 175!"

Nikawaambia, "Vema. Sasa pimeni kwa kufuata barabara." Kazi hiyo ilikuwa ngumu kidogo, kwa maana sharti uzi upindwe kila barabara inapopinda. Ukaenda kusini hata Kigongo, ukavuka mkono wa ziwa hata Busisi, ukapita Sengerema na Geita, ukaizunguka pembe ya ziwa ya kusini-magharibi, ukapanda kaskazini hata Muleba, ndipo ukafika Bukoba. Walipoupima wakaona ni zaidi ya sentimeta arubaini, yaani zaidi ya kilometa 400. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, miji ni ile ile miwili, mbona umbali umekuwa mwingine?" Nikamjibu ya kuwa umbali wa mahali na mahali ni mmoja, walakini njia za wanadamu ni nyingi. Mwenye miguu na mwenye magurudumu hawawezi kwenda juu ya maji, hivyo hawana budi kuzunguka. Meli na ndege ndizo ziwezazo kwenda karibu sawasawa na uzi ulionyoshwa.

Hapo mvulana mmoja, hodari sana wa hesabu, akanyosha mkono akauliza, "Je, ndege huenda kilometa ngapi kwa saa?" Nikamwambia kwamba zile ndege zenye mapanga mbele ya mabawa, zinazochukua abiria kati ya miji yetu, zaweza kwenda yapata kilometa 500 kwa saa zikiwa juu angani. Akaandika katika daftari lake, akagawanya 175 kwa 500, akazidisha kwa dakika sitini, kisha akasimama kwa furaha akasema, "Mwalimu, ni dakika 21 tu! Hata kipindi kimoja cha darasani hakijaisha!"

Wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini baada ya kucheka nikanyamaza, kwa maana hesabu ile ile niliwahi kuifanya mimi mwenyewe zamani, nayo ilinigharimu kitu nisichoweza kukipata tena. Watoto wakaona nimenyamaza, wakaniuliza sababu. Siku ile sikuwajibu, maana kengele ililia. Basi nawajibu hapa, wao na ninyi mnaosoma.

Kwanza imetupasa kufahamu jinsi mwendo ulivyofupishwa katika nchi hii yetu ya ziwa.

Zamani za misafara watu hawakuuhesabu umbali kwa kilometa, bali kwa siku za kutembea na kwa idadi ya kambi za kulala. Mwaka 1858 Mwingereza jina lake Speke aliondoka Tabora tarehe 9 Julai, akaelekea kaskazini pamoja na wapagazi, na katika watu wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, aliyezaliwa Myao na ambaye baadaye alisifiwa sana kwa safari zake. Tarehe 3 Agosti Speke alipanda kilima karibu na Mwanza, akaliona ziwa limetandaa mbele yake. Hizo ni siku 25. Leo reli ya kutoka Tabora hata Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ina urefu wa yapata kilometa 380, na abiria huimaliza kwa muda usiotimia siku moja, tena amekaa kitako.

Baada ya Speke alikuja Stanley. Yeye aliondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba mwaka 1874, na wapagazi wake walichukua mashua iliyokatwa vipande vipande, kila kipande mabegani mwa watu. Alifika Kageye, kijiji cha pwani ya ziwa upande wa mashariki wa Mwanza, mwishoni mwa Februari mwaka 1875. Safari hiyo ilikuwa ya siku zaidi ya mia moja, na njiani wengi walikufa kwa maradhi, njaa na vita. Mashua ilipokwisha kuungwa, akaondoka Kageye mwezi wa Machi akalizunguka ziwa zima, asirudi hata mwezi wa Mei. Siku hizi kutoka Dar es Salaam hata Mwanza kwa ndege ni yapata kilometa 850, na abiria hukaa angani yapata saa moja na nusu. Asubuhi hunywa chai yake pwani, na kabla ya adhuhuri hula sato wa ziwani.

Kisha reli ya kutoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901, na meli za moshi zikaanza kupita ziwani. Mtu wa Mwanza akapata njia ya kufika baharini pasipo kutembea, yaani kwa meli mpaka Kisumu, na kwa gari moshi mpaka Mombasa. Njia hiyo ilikuwa ya kuzunguka sana, walakini miguu yake ilipumzika.

Tena liko jambo moja ambalo watoto wengi wa Mwanza hawalijui, nami nafurahi kuwaambia. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Kiingereza iitwayo Imperial Airways ilianza safari ya ndege ya kila juma kutoka London kuja Afrika, na mwisho wa safari hiyo haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam, bali ulikuwa hapa Mwanza. Njia yake ilipita Misri na Sudani, ikaufuata mto Naili mpaka kwenye ziwa letu. Huku kwetu ilitumika eropleni ya namna ya kutua majini, ambayo tumbo lake ni kama la mashua, kwa hiyo ziwa lenyewe ndilo lililokuwa kiwanja. Hapo mwanzo abiria walifikishwa Khartoum tu, na mbele ya hapo zilichukuliwa barua. Barua hizo zilitumia yapata siku kumi. Mwaka uliofuata, 1932, njia hiyo ikaendelezwa mpaka Cape Town.

Sasa fikirini. Umbali wa London na Mwanza kwa uzi ulionyoshwa ni yapata kilometa 6,700. Stanley alitumia siku mia na zaidi kutoka pwani tu, na barua zile zilitumia siku kumi kutoka Ulaya. Lakini angalieni pia ya kuwa siku kumi zile hazikuwa zote za kuruka. Usiku ndege haikuruka, ilishuka mahali ikalala. Ilingoja mafuta, ilingoja hali njema ya hewa, na kwingine abiria na barua walihamishwa katika chombo kingine. Ukihesabu saa za kuruka peke yake, utapata hesabu moja, na ukihesabu tangu mtu alipoitia barua yake katika sanduku la posta hata mwenziwe alipoifungua, utapata hesabu nyingine kubwa zaidi. Shikeni neno hili, kwa maana ndilo nililolisahau.

Mimi ni mwenyeji wa upande wa Bukoba, nami nimekuja Mwanza kwa kazi ya ualimu. Nilipokuwa kijana, safari yetu ya kwenda na kurudi ilikuwa kwa meli. Mtu aliondoka usiku, akalala juu ya maji, na alfajiri aliuona mji. Halafu tarehe 21 Mei 1996 meli iitwayo MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ilipinduka kabla ya kufika bandarini. Ilikuwa imechukua watu kupita kiasi chake. Mamia ya watu walikufa, na wengi walizikwa Igoma, hapa Mwanza, ambako makaburi yao yako hata leo. Mimi wakati ule nalikuwa mwanafunzi wa sekondari. Nakumbuka kwamba katika vijiji vyetu matanga yalikuwa mengi hata watu hawakujua waanzie nyumba gani kwenda kuhani. Tangu siku ile mama yangu, kila tulipoaga, alikuwa akisimama kwenye migomba mpaka tusionekane tena, wala hakurudi ndani upesi kama zamani.

Mwaka 2010, mwezi wa Aprili, katika masika, nalikuwa nafundisha Mwanza, na kaka yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi ya samaki hapa hapa mjini. Siku ya Alhamisi, saa sita mchana, dada yetu mdogo alipiga simu kutoka nyumbani. Akasema, "Kaka, mama hawezi tangu juzi. Anawaulizia ninyi wawili." Nikamwuliza kama amepelekwa hospitali. Akasema amepelekwa, amepewa dawa, na sasa amerudi nyumbani; lakini anawaulizia. Akalirudia neno hilo mara mbili.

Jioni kaka akaja kwangu na mfuko wake mkononi. Akaniambia, "Meli yaondoka saa tatu usiku. Twende."

Mezani kwangu palikuwa na karatasi za mtihani za madarasa mawili, nazo zilitakiwa Jumamosi. Nikamwambia, "Kaka, tangulia wewe. Nitazimaliza karatasi hizi kesho, na Jumamosi asubuhi nitapanda ndege. Wewe utakesha usiku kucha juu ya maji, mimi nitafika kwa dakika arubaini." Nikachukua kalamu nikamwonyesha hesabu: kilometa 175, mwendo wa ndege, dakika 21 angani, ongeza dakika za kupanda juu na za kushuka, jumla dakika arubaini. Nikamwambia tena ya kuwa meli naiogopa tangu mwaka 1996. Neno hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa sababu. Sababu ilikuwa kwamba nilitaka kumaliza kazi yangu kwanza, nami nalidhani ndege itanilipia siku niliyoipoteza.

Kaka akaitazama ile karatasi ya hesabu, akasema, "Mimi sijui hesabu zako. Nimeitwa, nakwenda." Akaenda zake.

Ijumaa nilisahihisha karatasi mchana kutwa na usiku, nikanunua na tikiti. Jumamosi nikaziweka karatasi juu ya meza ya mkuu wa shule, na saa moja asubuhi nalikuwa kiwanjani. Anga la Mwanza lilikuwa jeupe, pasipo wingu hata moja. Tukangoja. Saa mbili ikapita, na saa tatu. Tukaambiwa kwamba Bukoba mvua ni kubwa, na mawingu yamekaa chini juu ya mji.

Imefaa nieleze jambo hili, kwa kuwa ni sehemu ya somo letu. Pwani ya magharibi ya ziwa hupata mvua nyingi kuliko yetu. Bukoba hupata yapata milimita 2,000 kwa mwaka, na Mwanza yapata nusu ya hizo. Sababu yake ni kwamba upepo utokao kusini-mashariki hupita juu ya maji mapana ya ziwa, ukachukua unyevu, na ufikapo ng'ambo ukaumwaga. Mara nyingi mvua hizo hunyesha usiku na asubuhi. Kwa hiyo mtu aweza kusimama Mwanza juani, na mahali aendako, kilometa 175 mbele yake, hapaonekani mtu wala mti. Ramani yangu haikuonyesha mawingu.

Tukangoja hata saa sita, tukangoja hata saa tisa. Kiwanja cha Bukoba wakati ule hakikuwa na taa, hivyo ndege haikuweza kuondoka ikafika giza linaingia. Alasiri tukaambiwa turudi makwetu, tuje kesho. Abiria mmoja akakasirika akagombana na wafanyakazi. Mimi sikugombana. Nilimpigia kaka simu, haikuita. Nikarudi nyumbani kwangu, nikakaa kitandani na viatu miguuni.

Jumapili asubuhi tuliondoka. Ndege ilipanda, nikaona majabali ya Mwanza yamekuwa kama kokoto, na nyuma yetu kisiwa cha Ukerewe, na mbele yetu maji matupu na visiwa vidogo vidogo vyenye miti. Nalitazama saa yangu, na tulipogusa ardhi ya Bukoba ilikuwa imepita dakika thelathini na tisa. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa.

Nje ya kiwanja alikuwako mjomba. Kwa desturi yake ni mtu wa maneno mengi na mzaha. Siku hiyo aliuchukua mfuko wangu mkononi, akatangulia mbele, asiseme neno. Nikafahamu.

Mama alikufa Jumamosi saa kumi alasiri. Nilifika nyumbani Jumapili saa tano, nikamkuta amelazwa, wanawake wamemzunguka. Tulimzika siku ile ile, nami nilitia udongo kama wengine. Kwa siku mbili kaka hakuniambia habari yoyote ya siku za mwisho za mama, wala mimi sikuthubutu kumwuliza. Usiku wa tatu tulikaa nje karibu na moto, ndipo akaniambia. Alisema yeye alifika Ijumaa asubuhi, saa tatu, naye mama alikuwa na nguvu ya kusema. Alikula kidogo. Aliuliza habari za watoto wote, mmoja mmoja kwa jina. Kisha akauliza, "Na mwalimu yuko wapi?" Kaka akamjibu, "Mama, anakuja kwa ndege." Mama akafikiri kidogo, akasema, "Kwa ndege? Basi mbona wewe wa meli umemtangulia?"

Kaka alisema ya kuwa mama hakusema hivyo kwa hasira. Alitabasamu, kama mtu aliyesikia kitendawili asichoweza kukitegua. Lakini mimi naliweza kukitegua, na tangu siku hiyo sijakisahau.

Niliporudi Mwanza nilizikuta karatasi zangu za mtihani juu ya meza ya mkuu wa shule, zimekaa vile vile nilivyoziweka. Zilifunguliwa Jumanne ya juma lililofuata.

Basi, watoto, nilichukua tena kalamu nikafanya hesabu ya pili. Kaka aliitwa Alhamisi saa sita mchana, akafika kitandani kwa mama Ijumaa saa tatu asubuhi. Hizo ni saa 21. Mimi naliitwa saa ile ile, nikafika Jumapili saa tano asubuhi. Hizo ni saa 71. Gawanyeni kilometa 175 kwa saa 21, mtapata kilometa zaidi ya nane kwa saa. Huo ndio mwendo wa kaka aliyekwenda kwa meli. Gawanyeni kilometa 175 kwa saa 71, mtapata kilometa mbili na nusu kwa saa. Na huo ndio mwendo wangu mimi mwenye ndege. Mpagazi wa zamani, mwenye mzigo kichwani, katika saa zake za kutembea alikwenda upesi kuliko mimi.

Wako watu walioniambia kwamba kosa ni la mvua, na wengine kwamba kosa ni la rubani aliyekataa kuruka. Sikubali. Rubani alifanya lililompasa. Miaka kumi na miwili baadaye, tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu kabisa na kiwanja cha Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Katika watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa, na waliookolewa waliokolewa kwa msaada wa wavuvi waliofika mbele ya wote kwa mitumbwi yao. Niliposikia habari ile nalikumbuka siku yangu ya kungoja, nikajua ya kuwa yule aliyetuzuia mwaka 2010 huenda alituokoa. Mvua haina kosa. Rubani hana kosa. Mwenye kosa ni yule aliyepata habari Alhamisi, akaihesabu safari yake kuanzia Jumamosi.

Msidhani kwamba nauchukia mwendo wa upesi. La, nausifu. Mgonjwa akichukuliwa kwa ndege akafika hospitali kubwa angali hai, hiyo ni neema. Tangu siku zile njia za kwetu zimezidi kuwa nzuri. Meli kuukuu ya MV Victoria, ambayo ndiyo iliyomchukua kaka usiku ule, ilitengenezwa upya ikarudi majini mwaka 2020, nayo huimaliza safari ya Bukoba kwa muda mfupi kuliko zamani. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu na zaidi kidogo. Hapo watu walikuwa wakikaa saa nyingi wakingojea kivuko, na sasa gari hupita kwa dakika chache. Hata ule uzi wetu wa barabara, ingawa urefu wake haukupungua, muda wake umepungua.

Lakini kila muda unapopungua, twaona jaribu moja likizidi. Mtu wa zamani aliyejua kwamba safari ni ya siku nne aliondoka mara alipoitwa, kwa maana hakuwa na siku ya kupoteza. Sisi tunaojua kwamba safari ni ya dakika arubaini twasema, "Bado kuna nafasi, nitakwenda kesho." Hivyo zile siku ambazo chombo kimetupunguzia, sisi wenyewe twazirudisha kwa kukawia, hata tukafika nyuma ya mtu wa miguu. Wazee walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mimi nalichelewa nikamkuta mama hayupo.

Juma lililofuata nalirudi katika darasa la sita, nikamwambia yule mvulana hodari kwamba dakika zake 21 ni sahihi, nami nikampa alama zote. Kisha nikampa swali jingine aende nalo nyumbani: "Mtu akiitwa na mama yake, saa ya safari yaanza kuhesabiwa wakati gani?" Kesho yake akaja na daftari. Hakuandika tarakimu yoyote. Aliandika maneno matatu tu: "Mara anapoitwa, Mwalimu."

Nikampa alama zote tena.

MASWALI

1. Kwa nini umbali wa Mwanza na Bukoba kwa barabara ni mkubwa kuliko umbali wa uzi ulionyoshwa?
2. Speke alitumia siku ngapi kutoka Tabora hata Mwanza? Leo msafiri wa reli hutumia muda gani?
3. Safari ya ndege iliyoanza London mwaka 1931 iliishia wapi? Eleza kwa nini barua zilitumia yapata siku kumi.
4. Kwa nini pwani ya magharibi ya ziwa hupata mvua nyingi?
5. Pima katika ramani umbali wa kutoka kwenu hata mji mmoja unaoujua, kwanza kwa uzi ulionyoshwa, kisha kwa kufuata njia. Ukiitwa leo, waweza kufika huko baada ya saa ngapi? Usisahau kuhesabu saa za kungoja.
6. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kitendawili alichokisema mama, na jibu lake.